Kula vizuri Lyon bila kulanguliwa: uzoefu wangu na migahawa ya wafanyakazi

Kama unakwenda Lyon, Ufaransa, na mfuko wako si wa kitalii, kula mchana, siku ya kazi, katika mtaa usio na chochote cha kupiga picha. Nilikuwa huko kwa mafunzo ya kazi. Chumba nilichopanga hakikuwa na jiko la maana na posho ilikuwa ya kubana, kwa hiyo karibu kila siku nilikula nje kwa pesa yangu. Nimetoka pale nikiwa nimeshiba vizuri na bado nina akiba, wakati wenzangu kadhaa walikuwa wakilalamika kwamba Ufaransa chakula ni cha matajiri.

Malalamiko yao nayaelewa, kwa sababu wao walikuwa wakila Vieux Lyon. Huo ni mji mkongwe, chini ya kilima cha Fourvière, na kwa kweli ni mzuri mno. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998 pamoja na sehemu nyingine za katikati ya jiji, na vile vichochoro vinavyopenya katikati ya nyumba, ambavyo wenyeji huviita traboules, usiondoke bila kuvipita. Tembea pale asubuhi, tazama kanisa kuu, kisha ukale kwingine. Katika mtaa wa Saint-Jean, ikifika saa sita mchana, kuna vijana milangoni wanaita wapita njia, orodha za chakula zina picha na lugha nne, na kila mgahawa wa pili umeandika neno bouchon, yaani mgahawa wa asili wa Lyon. Mmoja wa hiyo ulituletea samaki wa moto kwa nje na wa baridi katikati. Tulipoomba maji tukaletewa chupa iliyokwisha kufunguliwa, na ikaingizwa kwenye bili. Rue Mercière, ng'ambo ya mto Saône, nao umejaa migahawa mlango kwa mlango, na watalii wengi uliowaona Saint-Jean utawakuta tena pale.

Kuhusu maji, shika hili: sema "une carafe d'eau, s'il vous plaît". Utaletewa jagi la maji ya bomba, na ni bure pamoja na chakula, sawa na mkate. Sheria iliyopitishwa mwaka 2020 inaitaka migahawa iandike wazi kwenye orodha yake kwamba maji hayo ni ya bure. Huduma pia imo ndani ya bei uliyoiona, kwa hiyo bakshishi ni hiari. Sarafu mbili tatu zinatosha ukiwa umeridhika.

Sasa nije kwenye chakula chenyewe. Kinachoniokoa mimi kinaitwa formule: kianzio na chakula kikuu, au chakula kikuu na kitindamlo, au vyote vitatu, kwa bei moja iliyokwisha kupangwa. Mitaa niliyozunguka, chakula cha siku peke yake kilikuwa yuro 13 hadi 15, na formule kamili mara nyingi haikuvuka 20. Ukirudi jioni kwenye meza ileile, kwa mpishi yuleyule, chakula kikuu kimoja tu kinaweza kukufikisha kwenye bei hiyo. Sababu haina siri. Mchana jikoni wanapika sufuria kubwa za vyakula viwili au vitatu, wananunua kwa wingi, hakuna kinachobaki. Na wateja ni wafanyakazi wa jirani wanaolipa kwa titres-restaurant, vocha za chakula ambazo mwajiri huchangia angalau nusu yake na zina kikomo cha matumizi kwa siku, yuro 25. Mwenye mgahawa anayetaka wateja hao warudi kesho hawezi kupandisha bei ovyo.

Ndiyo maana alama ya kwanza niliyokuwa natafuta mlangoni ni stika za hizo vocha. Ya pili ni ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, mfupi, wenye tarehe ya leo. Sheria ya Ufaransa inataka bei zionekane nje kuanzia saa tano na nusu asubuhi kwa chakula cha mchana, kwa hiyo unaweza kuzunguka mtaa mzima ukisoma mbao kabla ya kuingia popote. Nikiona vyakula thelathini, napita. Hakuna jiko dogo linaloweza kupika vyakula thelathini kwa siku bila jokofu la barafu na mikrowevu. Ipo pia alama ya fait maison, sufuria yenye paa la nyumba kwa juu, iliyowekwa kwa sheria mwaka 2014 kuonyesha chakula kilichopikwa palepale kutokana na vitu vibichi. Naiheshimu, ila wapishi wengi wazuri hawajishughulishi kuibandika.

Mitaa yenyewe? Mimi niliipenda Jean Macé, katika wilaya ya 7, karibu na stesheni, na Monplaisir katika wilaya ya 8, unakofika kwa metro ya mstari D. Monplaisir ndipo ndugu Lumière walipopiga ile filamu ya wafanyakazi wakitoka kiwandani mwaka 1895, na nyumba yao sasa ni makumbusho, kwa hiyo si kwamba hakuna cha kuona kabisa. Lakini uwanja wake ni wa watu wanaoishi pale: duka la dawa, benki, wazee kwenye mabenchi, na saa sita na robo meza zinajaa watu wenye vitambulisho vya kazi shingoni. Ni kama kwa mama ntilie wa karibu na ofisi za Posta, Dar es Salaam: mpishi anamjua kila mtu, na anayechelewa anakuta kitu kizuri kimekwisha.

Mgahawa mmoja wa Jean Macé nilirudi mara nyingi kwa sababu ya quenelle. Hiki ni chakula cha Lyon hasa: nyama ya samaki wa mtoni aitwaye brochet, iliyosagwa ikachanganywa na unga, siagi na mayai, ikafinyangwa kama ndizi fupi nene, kisha ikamwagiwa mchuzi wa kamba wa maji baridi na kuingizwa kwenye oveni. Kile kibakuli cha udongo kilikuja mchuzi ukiwa bado unatokota pembeni, wa rangi ya chungwa, na quenelle imeumuka hadi imepita ukingo. Mhudumu, mama wa makamo, aliniwekea kidole juu: subiri. Nikasubiri. Ukiikata kwa kijiko inaachia mvuke, ndani nyeupe, laini kabisa, haina mwiba hata mmoja, na ladha ya samaki inakuja taratibu nyuma ya siagi. Mchuzi uliobaki niliufuta kwa mkate hadi kibakuli kikang'aa, na meza zote za jirani zilikuwa zinafanya hivyohivyo. Kabla yake nilikula saladi ya dengu za siki, na baada yake kipande cha tarte aux pralines, ile tati ya waridi ya lozi na sukari. Yuro 18, maji na mkate ndani.

Kwenye kilima cha Croix-Rousse nilikwenda kwa sababu nyingine. Wenyeji husema Fourvière ndicho kilima kinachosali na Croix-Rousse ndicho kilima kinachofanya kazi, maana huko walikaa wafumaji wa hariri, canuts. Chakula chao bado kipo kwenye mbao za chaki: cervelle de canut, jibini bichi lililopigwa pamoja na vitunguu, kitunguu saumu, majani mabichi, mafuta na siki. Kwa viazi vya kuchemsha ni mlo kamili na wa bei ya chini sana. Jambo linalonigusa kuhusu upishi wa Lyon ni kwamba sifa yake kubwa ilijengwa na wanawake waliokuwa wapishi wa majumbani, wakafungua migahawa yao wenyewe. Eugénie Brazier alifungua wa kwake mtaa wa Royale mwaka 1921, na mwaka 1933 alikuwa na nyota tatu za Michelin, kitabu kinachopima migahawa, katika kila mmoja wa migahawa yake miwili. Alikuwa binti wa shamba. Kwa hiyo unapokula kuku wa siki kwenye meza iliyotandikwa karatasi, unakula upishi wa mila ileile iliyoleta heshima hiyo.

Wasiokula nguruwe, kama mimi, wawe macho. Upishi wa Lyon umejaa nguruwe, na vipande vyake vidogo, lardons, huingia hata mahali usipotarajia: saladi ya Lyon yenyewe, dengu, mchuzi wa kuku. Sema mapema, kabla ya kuagiza: "je ne mange pas de porc". Hakuna aliyenikunjia uso, na mara kadhaa mpishi alitoka mwenyewe kunieleza. Quenelle, cervelle de canut na samaki wa siku vilinitosha. Tablier de sapeur ni utumbo wa ng'ombe uliopakwa chenga za mkate na kukaangwa, na wapenzi wa utumbo watafurahi, ila huwa unalowekwa kwenye divai nyeupe. Michuzi mingi nayo ina divai. Anayetaka halali kamili aende Guillotière, mtaa wenye wauza nyama na migahawa ya Waarabu, Waafrika na Waasia. Utakula vizuri na kwa bei nafuu, ingawa si chakula cha Lyon.

Ukisisitiza kula kwenye bouchon mwenye jina, tangu 2012 kuna lebo ya Les Bouchons Lyonnais inayobandikwa kwa waliokaguliwa. Chez Hugon na Le Garet, karibu na jumba la Opera, wana sifa ya miaka mingi. Weka nafasi kwa simu na uandae pesa zaidi. Mimi ningefanya hivyo jioni ya mwisho tu.

Kasoro zipo. Saa nane kasorobo jiko linafungwa na hubembelezi mtu. Jumapili na Jumatatu milango mingi imefungwa, na Agosti unakuta karatasi ya "congés annuels", yaani likizo ya mwaka, mtaa mzima. Mboga ni chache. Meza zimebanana kiasi kwamba kiwiko cha jirani unakijua. Hati za chaki zinasomeka kwa shida hata kwa anayejua Kifaransa, na orodha ya Kiingereza usiitegemee. Salamu ni lazima: ukiingia bila kusema "bonjour" utasubiri. Natoa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya wikendi, ambapo mgeni asiye na jiko anarudishwa kwa nguvu kule kwa watalii.

Jumapili zangu niliziokoa kwa soko la barabara ya Croix-Rousse, ambalo hufanyika asubuhi kila siku isipokuwa Jumatatu. Nunua mkate, nyanya, na jibini dogo la Saint-Marcellin. Mwambie muuzaji unalila leo, atakuchagulia lililoiva, lile ambalo ukiligusa kwa kidole linabonyea. Wahi kabla ya saa saba, maana baada ya hapo wanafunga meza.