Programu ya Kuingia Kwenye Kompyuta ya Mteja kwa Mbali: Fundi Uchague Ipi?

Mambo vipi mafundi wenzangu, na wewe mwenye duka unayetazama huku mteja anakusubiri kaunta, karibu. Leo tunachambua programu za kuingia kwenye kompyuta ya mteja kwa mbali. Wewe uko Kariakoo, yeye yuko Songea, printa imegoma, na hakuna sababu ya mtu kupanda basi. Mezani ninazo TeamViewer, AnyDesk, Quick Assist ya Microsoft, Chrome Remote Desktop na RustDesk. MeshCentral nitaigusa baadaye kwa wale wanaopenda mambo mazito.

Chambuzi nyingi za programu hizi zinakaa upande wa fundi. Zinapima kasi, zinasifia picha, zinahesabu vitufe. Mimi naanzia upande wa pili. Huko yupo mama mwenye steshenari, simu kaibana kati ya sikio na bega, wanafunzi wamejaa mlangoni wanataka kuchapisha, na intaneti anayotumia ni hotspoti ya simu hiyohiyo anayoongelea. Yeye ndiye atakayepakua, atakayefungua na atakayekusomea namba. Ikimshinda yeye, ujuzi wako unabaki hapohapo dukani kwako.

Na hilo la hotspoti nalisema mapema kwa sababu linawasumbua wengi bila kujua chanzo. Simu au laini isiyoweza kupiga kupitia 4G, ukiongea nayo inashuka kwenye 3G au 2G mpaka mkate simu. Kwa hiyo wewe unaongea na mteja, na kuongea kwenu ndiko kunakoua intaneti ya kompyuta yake. Picha inaganda, unalaumu programu. Mwambie atafute simu nyingine ya kuongelea, au kateni simu mwandikiane ndani ya programu yenyewe. Karibu zote zina sehemu ya kuchati.

Haya, tuanze na mkongwe. TeamViewer ni ya Wajerumani, ipo tangu 2005, na kuna wateja ambao kwao kila programu ya aina hii inaitwa TeamViewer. Inaunganisha vizuri, inapita kwenye mitandao migumu ya maofisini, sina ugomvi nayo kiufundi. Tatizo liko kwenye neno bure. Ni bure kwa anayemsaidia mjomba wake nyumbani. Ukishatoza hata elfu kumi, hiyo ni biashara, na masharti yao yanataka leseni. Wana mfumo unaoangalia mwenendo wako, na ukishukiwa kufanya biashara unaletewa ujumbe, kisha miunganisho inaanza kukatwa baada ya dakika chache.

Najua zipo mbinu zinazozunguka kwenye magrupu, za kufuta na kusakinisha upya ili uonekane mtu mpya. Siwaonyeshi. Weka leseni pembeni kidogo, fikiria tu umefuta draiva ya kadi ya mtandao ili uweke mpya, au uko katikati ya kurekebisha hifadhidata ya mahesabu ya mtu, na hapo ndipo unakatwa. Utamweleza nini? Leseni zao unalipia mwaka mzima kwa mkupuo. Kama una mikataba na hoteli au SACCOS, hesabu inakubali, lipa ufanye kazi. Kama duka lako ni meza mbili na feni, kaa chini kwanza uone kazi za mbali zinakuingizia nini kwa mwezi.

AnyDesk nayo ya Ujerumani, ilianzishwa 2014 na watu waliotoka TeamViewer. Ni nyepesi, inafunguka bila kusakinishwa, na kwenye mtandao dhaifu picha yake inavumilika. Mteja anaifungua, anakusomea namba, anabonyeza kukubali, umeingia. Kwa urahisi wa upande wa mteja, kwangu hii ndiyo bora kuliko zote tano. Lakini habari ya leseni ni ileile: bure ni ya matumizi binafsi, duka linalipia.

Sasa sikilizeni hapa. Februari 2024 AnyDesk walitangaza kwamba mifumo yao ilivamiwa. Walifuta vyeti vya zamani vilivyothibitisha kwamba programu ni yao kweli, wakatoa toleo lenye cheti kipya na kuwataka wateja wa tovuti yao wabadilishe nywila. Mwezi huohuo ScreenConnect, programu nyingine ya aina hii ambayo kampuni kubwa za huduma za kompyuta wanaipenda, ilikutwa na tundu la kiusalama lililopewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Juni mwaka huohuo TeamViewer nao wakasema mtandao wao wa ndani wa ofisi umeingiliwa, ingawa walieleza kuwa upande wa wateja haukuguswa. Wahalifu wanazifuata kampuni hizi kwa sababu kila moja ni kama mtu anayetembea na rundo la funguo za nyumba za watu.

Kwa hiyo ile fleshi yako yenye folda ya programu, uliyonakili kwa rafiki, naye akanakili kwa fundi wa ghorofa ya pili, yenye AnyDesk ya mwaka gani sijui: futa. Programu ya aina hii inapakuliwa kwenye tovuti ya wenyewe, leo, kwa kazi ya leo. Kupiga Windows kwa fleshi ya zamani ni jambo moja. Kumwachia mteja mlango wa zamani kwenye kompyuta yake ni jambo lingine kabisa.

Quick Assist. Hii imo ndani ya Windows 10 na 11, au inapatikana kwenye duka la Microsoft. Unabonyeza Ctrl, Windows na Q kwa pamoja, inakuja. Fundi ndiye anayehitaji akaunti ya Microsoft, mteja hahitaji. Hapa mambo yamegeuka: wewe ndiye unayemsomea mteja namba, naye anaandika. Ina herufi ndani yake, kwa hiyo jiandae kusema M ya Mwanza, T ya Tabora, K ya Kigoma. Mimi huwa nafurahia sehemu hiyo.

Haina gharama, na kwa kazi ndogo inatosha. Udhaifu wake unauona pale Windows inapoomba ruhusa ya msimamizi. Kioo chako kinakuwa cheusi, na mteja ndiye anayepaswa kubonyeza «Yes». Mama, bonyeza Yes. Sioni, baba. Angalia katikati ya kioo. Kimeandikwa nini? Unaelewa. Pia huwezi kuingia wakati mteja hayupo, kwa hiyo kazi ya usiku haiwezekani. Na Mei 2024 Microsoft wenyewe walionya kuhusu genge lililokuwa likiwapigia watu simu, linajifanya mafundi, linaomba lifunguliwe Quick Assist, kisha linafunga mafaili ya kampuni na kudai fidia. Mteja aliyewahi kusikia kisa cha namna hiyo atasita ukimpigia. Anafanya vizuri. Mwambie akate, akupigie yeye kwa namba iliyo kwenye risiti yako.

Chrome Remote Desktop sitaikalia. Mteja anatoa namba ya tarakimu 12, na kila nusu saa anaulizwa kama bado anakuruhusu. Kwa kompyuta zako mwenyewe, ukiwa nyumbani unataka kuangalia ya dukani, ni nzuri sana. Kwa wateja wengi inachosha. Na ile Remote Desktop ya Windows yenyewe, kwanza toleo la Windows Home haliruhusu kuingiliwa, pili usithubutu kuuacha mlango wake (port) namba 3389 wazi kwenye intaneti. Kuna mashine duniani kazi yake ni kuugonga huo mlango usiku na mchana. Isitoshe mteja wa bando hana anwani ya intaneti (IP) yake peke yake, mtandao wa simu unawabananisha watu wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata ukitaka kumfikia moja kwa moja humfikii.

Sasa tuje kwa RustDesk, ambayo ndiyo ninayoishauri kwa duka dogo lenye wateja wa kudumu. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, leseni yake inaruhusu biashara, na raha yake ni kwamba unaweza kuendesha seva yako mwenyewe, yaani kompyuta ya kati inayowaka muda wote, bila kumlipa aliyeitengeneza. Seva ina vipande viwili. Kimoja kinazitambulisha kompyuta, kingine kinabeba picha pale ambapo kompyuta mbili zimeshindwa kuonana moja kwa moja. Na kwa wateja wa bando, kwa sababu ya kule kubananishwa nilikosema, hicho kipande cha pili ndicho kitakachofanya kazi mara nyingi.

Ndiyo maana mahali seva ilipo panahusika sana. Wewe uko Dar, mteja yuko Songea, seva ukaikodi Marekani kwa sababu ulikuta bei ya ofa: kila unaposogeza mausi, amri inavuka bahari kwenda, inavuka tena kurudi Songea, na picha inakufuata njia hiyohiyo. Kodi ya karibu uwezavyo, Afrika Kusini au Ulaya. Seva ndogo kabisa inatosha, yenye kiini kimoja cha prosesa na gigabaiti moja ya RAM. Usiiweke dukani kwako. Umeme ukikatika Kariakoo, na wateja wako wa Songea wamekatika.

Kwenye seva unafungua milango 21115, 21116 na 21117 ya TCP, na 21116 tena upande wa UDP; hizo ni njia mbili tofauti za kusafirisha data. Hiyo ya UDP ndiyo watu wanasahau, halafu wanakuja kuuliza kwa nini kompyuta zote zinaonekana hazipo hewani.

Na huu hapa ufundi ulionifanya niipende. Kwa kawaida mteja angelazimika kuandika anwani ya seva yako na ufunguo mrefu wenye herufi zisizo na maana. Mama wa steshenari hawezi, na wala asilazimishwe. Kwenye Windows, RustDesk inasoma mipangilio kutoka kwenye jina la faili lake lenyewe. Unabadilisha jina la faili liwe na anwani na ufunguo, unaliweka kwenye tovuti yako, mteja anapakua na kufungua, basi. Inakuja ikiwa tayari inaijua seva yako. Anakusomea namba tu, kama AnyDesk.

Bando sasa. Watengenezaji wanakadiria kazi za kawaida za ofisi zinatumia kilobaiti 100 hivi kwa sekunde. Zidisha: saa moja ni kama megabaiti 360. Ukishusha ubora wa picha, inapungua. Lakini kinachomaliza bando la mteja mara nyingi ni wewe fundi, umeingia ukaanza kushusha draiva za mamia ya megabaiti na masasisho ya Windows kwenye kifurushi chake cha siku. Uliza kwanza amebakiwa na kiasi gani. Na kama umemmalizia, liweke kwenye hesabu yako, siyo yake.

Kasoro zake? Zipo. Baadhi ya programu za kuzuia virusi huipigia kelele, kwa kuwa matapeli nao wanaipenda. Ukiifungua bila kuisakinisha, dirisha la msimamizi litakusumbua mpaka mteja akubali kukuongezea mamlaka. Orodha ya pamoja ya wateja kwa ajili ya mafundi kadhaa iko kwenye toleo la kulipia. Na seva ikigoma saa mbili usiku, hakuna wa kumpigia, wewe ndiye huduma kwa wateja. Seva za kukodi mara nyingi zinaendeshwa kwa Linux badala ya Windows; usiyeipenda hata kidogo, lipia AnyDesk ulale.

MeshCentral nayo ni huria na ya seva yako. Naitaja kwa jambo moja. Zile kompyuta za ofisini zilizotumika tunazouza sana hapa, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, baadhi zina stika ya vPro. Ndani yake mna kitu kinaitwa Intel AMT, na MeshCentral inazungumza nacho. Kikiwashwa na kupangwa mapema, kompyuta ikiwa kwenye waya wa mtandao, unaweza kuingia mpaka BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows kuwaka, hata Windows ikiwa imekufa. Hizo nyingine zote Windows isipowaka hazina msaada. Kwa mteja mwenye kompyuta nyingi za namna hiyo, ni mtaji umelala. Na ukinunua mzigo wa mitumba wenye vPro, ingia uisafishe hiyo AMT kabla hujauza, maana huwezi kujua mwenye nayo wa kwanza alipanga nini.

Mwisho, ruhusa. Kuingia mteja akiwa ameketi mbele ya kioo ni kitu kimoja. Kuacha nywila ya kudumu ili uingie yeye akiwa amelala, hiyo iombe kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp: kompyuta ipi, kwa kazi gani, mpaka lini. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana ya kwao ya taarifa ya 2019. Fundi anayeingia bila ruhusa hatajitetea kwamba alikuwa anarekebisha printa. Mkataba ukiisha, iondoe programu mteja akiona. Na nywila moja kwa wateja wote, jamani, hapana.

Mfano wa jina la faili la RustDesk nimeuweka chini ya video, nakilini. Anwani iliyomo ni ya mfano tu, wekeni ya seva zenu, msije mkanipigia kwamba haiunganishi.