Sucraid kwa mtoto asiyemeng'enya sukari: inachofanya na kinachobaki juu ya mzazi

Sucraid ni dawa ya maji yenye ladha tamu, angavu au ya manjano hafifu, inayouzwa kwenye chupa ya mililita 118. Ndani yake kuna kimeng'enya kimoja tu, sakrosidasi, kinachotokana na hamira ya mikate na kuhifadhiwa katika mchanganyiko wa gliserini na maji, nusu kwa nusu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha Aprili 1998 kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa kurithi: upungufu wa kuzaliwa wa sukrasi-isomaltasi, ambao madaktari huuita kwa herufi zake, CSID. Kwa kazi iliyotengenezewa, ni dawa nzuri sana. Ila kazi hiyo ni nyembamba kuliko wazazi wengi wanavyotarajia, na dawa yenyewe inaharibika upesi kwa joto, tena haifai kitu ikinyweshwa wakati usio wake.

Mtoto mwenye CSID amerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama. Ukuta wa utumbo wake mwembamba hautoi kimeng'enya cha kukata sukrosi, yaani ile sukari tunayotia kwenye chai, na unapungukiwa pia na uwezo wa kumalizia kuvunja wanga. Sukari isiyokatwa haifyonzwi. Huvuta maji ndani ya utumbo, kisha hufika utumbo mpana ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi na asidi. Hapo mtoto anaharisha choo cha majimaji chenye harufu ya uchachu, tumbo linajaa, ngozi ya makalio inachubuka, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unalala. Miezi ya kunyonya huwa shwari, kwa sababu sukari ya maziwa ya mama ni laktosi. Mambo hubadilika vyakula vya nyongeza vinapoanza: uji uliotiwa sukari, ndizi mbivu, juisi ya embe. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hana haja ya Sucraid, hata kama ndugu yake mkubwa anaitumia.

Tuje kwenye matumizi. Mtoto mwenye kilo 15 au pungufu hupewa mililita 1 kwa kila mlo, na kitafunwa cha saa nne asubuhi nacho ni mlo. Mililita 1 ni kijiko cha kupimia kinachokuja na chupa kikijaa, au matone 28. Akizidi kilo 15, dozi ni mililita 2, sawa na matone 56. Dozi huchanganywa na mililita 60 hadi 120 za maji, maziwa, au maziwa ya kopo ya watoto. Kinywaji kiwe cha baridi au cha joto la kawaida la chumba. Mtu akiitia kwenye maziwa ya moto au kuikoroga ndani ya uji unaotoka jikoni, kimeng'enya kinaharibika na mtoto anabaki na utamu tu. Juisi ya matunda nayo haifai, kwa kuwa uchachu wake hupunguza nguvu ya dawa.

Nusu ya kinywaji hicho hunywewa mtoto anapoanza kula, nusu nyingine akiwa anaendelea kula. Maelekezo haya ndiyo yanayopuuzwa zaidi, na sababu yake ni ya msingi. Sakrosidasi haiingii mwilini ikakaa. Inakata sukari iliyokutana nayo njiani, kisha yenyewe inameng'enywa kama protini nyingine yoyote. Ikinywewa yote robo saa kabla ya chakula, inatangulia peke yake na sukari inakuja nyuma. Pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, pia huishambulia, na chakula chenye protini huipunguzia mashambulizi. Kwa hiyo mlo wenye yai, samaki au maziwa unaisaidia zaidi kuliko tunda tupu.

Ushahidi wake ni wa kuridhisha kwa ugonjwa adimu kiasi hiki. Katika jaribio lililohusisha wagonjwa 28, wa umri wa kuanzia miezi 4 hadi miaka 11 na ushei, kila mmoja alikula chakula cha kawaida chenye sukrosi huku akipewa kwa zamu dawa yenye nguvu kamili na ile iliyozimuliwa mara 10, mara 100 na mara 1,000. Nguvu kamili ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Ndiyo maana kupunguza matone ili chupa idumu ni kujinyima kile ulicholipia.

Sasa upungufu wake mkubwa. Sucraid haina isomaltasi, kimeng'enya kinachomalizia kuvunja wanga, hivyo haigusi wanga. Mtoto anaweza kunywa dozi sahihi kwa wakati sahihi na bado akaharisha kwa uji mzito wa mahindi, ugali au viazi. Wanga unapaswa kurudishwa polepole, chakula kimoja kwa wakati, kwa kiasi kidogo, chini ya mtaalamu wa lishe, na uvumilivu wa mtoto kwa wanga huwa unaongezeka kadiri anavyokua. Mzazi asipoambiwa hili mapema, ataihukumu dawa kwa kosa lisilo lake.

Haifai kabisa kwa mwenye mzio wa hamira, wa gliserini, au wa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai ambacho chembe zake zinaweza kubaki ndani ya dawa. Dozi za kwanza zinywewe karibu na kituo cha afya, hasa kwa mtoto mwenye pumu: mgonjwa mmoja mwenye pumu alibanwa vibaya na kifua dakika 90 baada ya dozi ya pili, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mwenye kisukari naye chakula chake kihesabiwe upya, maana sukari iliyokuwa ikipita bure sasa inaingia kwenye damu.

Usiinunue kwa kukisia. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa kuchukua kinyama cha utumbo mwembamba na kupima vimeng'enya vyake, au kwa kupima jeni. Kipimo cha hidrojeni kwenye pumzi husaidia, ingawa kwa mtoto mchanga si rahisi kukifanya. Kipimo cha sukari kwenye choo kinaweza kudanganya: sukrosi haionekani kwenye kipimo cha kawaida mpaka choo kitiwe asidi na kupashwa moto kwanza. Majibu "safi" hayo hufanya lawama iende kwenye maziwa, mtoto ahamishiwe kopo la soya, na baadhi ya makopo ya soya yana sukrosi.

Kwa familia za Afrika Mashariki kuna mitego ambayo kijikaratasi cha dawa hakiitaji. Maji ya chumvi na sukari ya kutengeneza nyumbani, vijiko vidogo sita vya sukari kwa lita, yanamwongezea mtoto huyu kuharisha. Pakiti ya ORS yenye glukosi ndiyo salama kwake. Dawa nyingi za maji za watoto, za homa na za kuua vijidudu, hutiwa sukrosi, kwa hiyo soma lebo au mwombe mfamasia vidonge vya kusaga. Na akilazwa kwa utapiamlo, wodi ielezwe kabla ya kikombe cha kwanza: maziwa ya tiba ya F-75 na F-100, na siagi ya karanga ya tiba, vyote vina sukari.

Mpaka mezani, chupa ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, tena kwenye rafu ya ndani kuliko mlangoni. Andika kwenye lebo tarehe uliyoifungua, kwa kuwa wiki nne baadaye lazima imwagwe. Haina kinga ya kutosha dhidi ya bakteria. Mtoto mdogo anayekula mara tano kwa siku humaliza chupa kwa takriban siku 23, kwa hiyo hakuna hasara. Anayekula mara tatu tu atatumia mililita 84 na kumwaga 34, hasara nzito kwa dawa ghali namna hii. Vipo pia vichupa vya mililita 2 vya kutumia mara moja, vinavyostahimili joto la chumba kwa siku tatu, lakini ujazo huo ni dozi ya mtoto aliyezidi kilo 15. Wa chini ya hapo abaki na chupa kubwa, na safarini ibebwe kwenye kasha lenye barafu.