Seti ya matone ya kupimia amonia, nitriti na nitrati: inafaa kijitoni, ziwani haitoshi

Anayetafuta mahali naitrojeni inapoingilia kijitoni kabla ya kufika ziwani atanufaika na seti hii kuliko karatasi za kuchovya, ambazo viwango vya rangi zake vimeachana mno.

Uzuri wake ni kupima amonia, nitriti na nitrati, maumbo matatu ya naitrojeni. Chota maji upande wa juu wa mahali mtaro wa majitaka unapoingia kijitoni, upande wa chini yake, kisha mbali zaidi. Amonia ikishuka na nitrati ikapanda, bakteria wako kazini: Nitrosomonas hugeuza amonia kuwa nitriti, Nitrospira huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti ikirundikana, hatua ya pili imezidiwa. Lakini usiseme maji yamesafika! Naitrojeni ni ileile, imebadilika umbo tu na bado inaelekea ziwani. Tena kila gramu ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa hivyo hula gramu 4.57 hivi za oksijeni, na wanaoikosa ni samaki.

Kipimo cha nitrati ndicho kinachowashinda wengi. Kwenye seti zinazotumia zinki, unga wake hutuama chini ya chupa. Usipoitikisa kwa nguvu kabla ya kudondosha, utasoma sufuri kwenye maji yaliyojaa nitrati. Zinki hugeuza nitrati kuwa nitriti, na rangi hutokana na nitriti hiyo. Kwa hiyo nitriti iliyokuwamo tangu mwanzo nayo huhesabiwa. Maji ya tope yachujwe kwanza, la sivyo rangi itakudanganya. Sampuli ikae kwenye barafu na ipimwe siku hiyohiyo, maana bakteria huendelea na kazi hata ndani ya chupa.

Soma kadi ya rangi vizuri: miligramu 50 za nitrati ni sawa na 11.3 tu za naitrojeni. Kuchanganya vipimo hivi kunaharibu ripoti nzima.

Kasoro kubwa ni kwamba kadi nyingi za nitrati huruka kutoka 0 hadi miligramu 5 kwa lita. Mwani wa ziwani hushamiri kwa kiasi kidogo kuliko hicho, hivyo sufuri hapo haina maana. Tumia fotomita (kifaa kinachosoma rangi kwa mwanga) ya viwango vya chini au maabara.

Pima na mtiririko pia. Kijito chenye miligramu 3 za naitrojeni kwa lita, kikitiririsha lita 200 kwa sekunde, huingiza ziwani karibu kilo 52 kwa siku.