Maua ya Kununua Ukitaka Vipepeo Bustanini: Uchambuzi wa Zinia, Pentasi, Lantana na Budleia

Watazamaji wapendwa, leo ninachambua maua manne ambayo pakiti za mbegu na vibandiko vya miche huyanadi kuwa kivutio cha vipepeo, nami nitayapima kwa kigezo kimoja: je, kipepeo akitua atapata chakula?

Nianze na zinia, kwani ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi. Tazameni maua haya mawili. Hili la kwanza lina safu moja tu ya petali, na katikati mnaona vijiua vya manjano vilivyojipanga duara. Humo ndimo nekta, yaani maji matamu anayokunywa kipepeo, inamopatikana. Hili la pili limerundikana petali hadi kitovu chake hakionekani, kwa kuwa wazalishaji wameteua mimea ambayo vijiua vyake vya katikati vimegeuka petali, hivyo nekta imepungua na iliyobaki imefunikwa. Kwa chombo cha mezani ni ua zuri sana, ila kwa kusudi letu silipendekezi.

Pentasi ndiyo iliyoniridhisha zaidi. Vijiua vyake vyenye umbo la nyota hukaa pamoja katika kishada kipana, kwa hiyo kipepeo akishatua hunywa kimoja baada ya kingine bila kuruka tena, na koo jembamba la kila kijiua linaufaa mrija mrefu ambao kipepeo hunywea. Ipandeni penye jua, kwa maana kipepeo huhitaji joto la jua ili misuli yake ya kurukia ifanye kazi.

Lantana na budleia zina nekta tele, hilo silikatai. Hata hivyo, lantana iliyotoka Amerika ya kitropiki imekuwa gugu sugu Afrika, Asia na Australia, na majani yake ni sumu kwa mifugo. Budleia nayo, iliyotoka China, imeenea ovyo nchini Uingereza. Ikiwa mojawapo imeorodheshwa kama mmea vamizi mahali mnapoishi, msiinunue.

Upo upungufu ambao maua yote manne yanao: yanamlisha kipepeo aliyekomaa, lakini viwavi wa aina nyingi hawawezi kuishi kwa majani yake. Jike huonja jani kwa miguu kabla ya kutaga, na akikosa mmea unaowafaa wanawe huondoka. Kipepeo aitwaye monaki, kwa mfano, hutaga kwenye mimea ya jamii ya Asclepias, na baadhi ya vipepeo wenye mabawa ya mkia hutaga kwenye michungwa na milimau. Kwa hiyo nunueni pia mmea wa viwavi, na mkubali kwa moyo mweupe kwamba majani yake yataliwa.

Mwisho, kabla ya kulipia miche, mwulizeni muuzaji kama imetiwa dawa ya wadudu inayosafiri ndani ya mmea, kama vile imidaklopridi, kwa sababu dawa hiyo hufika hadi kwenye majani na nekta. Akishindwa kujibu, chukueni mbegu zisizotiwa dawa mkazioteshe wenyewe.