Uzoefu wangu: fundi aliyegongelea gauni la Bibi Salme vipete vya turubai

Bei sisemi, kaulizeni wenyewe. Duka nalo silitaji. Ukitoka Darajani kuelekea Mchangani mafundi wamejipanga na cherehani zao, naye ni mmoja wao. Nalisitiri jina lake kwa ajili ya mkewe, aliyenipokea vizuri na hana kosa lolote katika haya.

Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kinatayarisha maisha ya Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, yule aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani huko Aden mwaka uliofuata. Nguo zake za Unguja hazikunipa tabu. Suruali ya marinda, kanzu ya darizi, barakoa, hapa kwetu wa kuvishona hawakosi. Tabu ilianza tulipofika kwenye maisha yake ya Hamburg, Ujerumani. Huko alivaa Kizungu, na gauni la usiku la Kizungu la miaka ile halina zipu, kwa sababu zipu yenyewe ilikuwa haijazuka. Linafungwa mgongoni kwa ugwe, tundu kwa tundu, kutoka juu mpaka kiunoni, na likishafungwa ndipo linapomshika mtu akasimama kama bibi wa Kijerumani.

Yote haya fundi nilimweleza nikiwa nimekaa kwenye benchi lake. Nikamwachia na karatasi niliyoichora: tundu zishonwe kwa mkono, kwa uzi wa hariri, zitazamane mbili mbili, baina ya moja na nyengine sentimita mbili, na kandokando ya kila mstari upite ufito ili ukingo usijikunje ugwe ukivutwa. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Nimeshafahamu, mwanangu."

Hajafahamu kitu. Gauni lilipokuja, mgongoni limegongelewa vipete vya chuma, vile vya maturubai na viatu vya mpira, vinang'ara kama meno ya bandia. Fito hakuna hata mmoja. Nikarudi kwake mbio, nikamsalimu kwa adabu zangu zote, shikamoo fundi, nikamwonyesha. Hata mguu hakuutoa kwenye cherehani. "Kwani hii harusi au mchezo? Nani atautizama mgongo?" Waliokuwa wakisubiri suruali zao wakacheka. Akaona kumbe ana watazamaji, akaongeza: "Mtoto wa juzi unanifundisha kazi niliyoachiwa na baba yangu?"

Nani atautizama mgongo! Mwenye kuigiza Bibi Salme ana onyesho zima ambalo mumewe ameshafariki, amegongwa na tramu ya farasi, mwaka 1870, na yeye amesimama dirishani ametupa kisogo. Watu hawatizami kitu chengine ila mgongo.

Basi siku ya kujaribisha nguo, msichana wetu akavuta pumzi ili aseme maneno yake. Kipete cha juu kikaruka. Nilikisikia kinagonga sakafu na kubiringika mpaka chini ya viti. Kikafuata cha pili, upande uleule, halafu ugwe ukalegea na gauni likamfunguka mabegani, akajishika kifua kwa mikono miwili. Ilibidi wenzake wamzungushie kanga.

Nilipoikagua ile nguo kwenye mwanga nilitaka kulia. Ili kukitia kipete, fundi alikata kiduara kizima cha kitambaa. Nyuzi zote zilizopita pale zimekatwa, na kilichobaki kinashikiliwa na ukingo mwembamba wa tafeta, ile hariri ya gauni lenyewe, unaobanwa na vimeno vya chuma. Ukivuta, vimeno vinakula kitambaa. Ndani hakutia hata kipande cha marekani cha kuongeza nguvu, ni tafeta na bitana basi. Na vile vipete si shaba, ni chuma kilichopakwa rangi: nguo ililala kabatini siku chache tu, na kwa hewa yetu hii ya bahari, bitana ikaota viduara vya kutu.

Sasa nitende haki, kwa sababu najua kuna atakayeniambia vipete vya chuma navyo ni vya zamani. Ni kweli. Ulaya vilianza kutumika tangu miaka ya 1820, na koseti za wakati wa Bibi Salme zinavyo mgongoni. Fundi angenijibu hivyo, ningenyamaza na pengine ningemwagizia kahawa. Lakini koseti ni nguo ya ndani, ya kitambaa kigumu kilichofumwa kwa ajili ya kuvutwa, na tundu zake zimelazwa baina ya fito. Gauni la hariri la juu yake likishonwa tundu kwa uzi. Na yeye hakujibu hivyo, alijibu nani atautizama.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba haya yametokea Unguja. Kisiwa ambacho wanaume wanakwenda Ijumaa na kofia za viua vichwani, kila kiua ni tundu iliyoshonwa kwa mkono! Tundu ndogo kuliko zangu! Shangazi yangu akanichukua mpaka Ng'ambo kwa bibi mmoja wa Kipemba anayeshona kofia. Akaligeuza gauni, akapitisha kidole kwenye zile tundu, akasema, "Hii imechinjwa, haikutobolewa."

Kisha akanionyesha. Akachukua msharasi, kile chuma chembamba chenye ncha cha kutobolea, akauingiza polepole huku anauzungusha, nyuzi za kitambaa zikajisogeza pembeni bila kukatika hata moja. Uzi akaupitisha kwenye nta ya nyuki kwanza. Akaanza kuzungushia ukingo, sindano inapanda katikati ya tundu na kushuka nje, mshono mmoja karibu, unaofuata mbali kidogo, ili mivuto yote isiangukie uzi mmoja wa kitambaa. Alipomaliza duara akautia tena msharasi, safari hii kutoka upande wa ndani, tundu ikakaa mviringo. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Haikutikisika. Palipokuwa na vipete akapafunika kwa ukanda wa tafeta, ndani akatia marekani mikunjo miwili, na tundu mpya akazipitisha kwenye ukanda huo. Fito tulizikata wenyewe. Usiku wa onyesho msichana aliimba, akalia, akainama, mgongo umetulia tuli.

Kwa hiyo fundi yule nampa nyota moja, na hiyo ni kwa mikono ya gauni. Maana mikono, wallahi, aliikata vizuri ajabu. Imekaa begani kama ilivyo kwenye picha za wakati ule, bila mkunjo. Na kiuno kadhalika. Na marinda ya sketi aliyapanga kwa mkono, yote sawasawa, hata yule bibi aliyaangalia akanyamaza, naye si mtu wa kusifu. Basi tuseme nyota mbili. Nikikumbuka vile walivyocheka nataka kuzifuta zote mbili, lakini cherehani yake haikunicheka.

Kuna gauni la pili, la safari yake ya kurudi Unguja mwaka 1885, na shangazi anashangaa nimempelekea yuleyule. Sketi, mikono na kiuno ashone yeye. Mgongo nimemwambia auache wazi, bila pindo, asiuguse, utakwenda Ng'ambo. Akauliza, "Bado umekasirika tu, mwanangu?" Nikamwambia ndio fundi, bado, na baki ya lile la mwanzo silipi mpaka niione sketi.