Huduma Rafiki kwa Vijana Jijini Mbeya: Kikao Kizuri, Benchi Baya

Mzazi wa Mbeya ambaye hajaamua kama mwanawe wa kidato cha pili aelezwe mambo ya ujana na mtaalamu au aachiwe simu na marafiki, angefaa kwanza aketi katika kikao cha Jumamosi cha huduma rafiki kwa vijana, yaani huduma ya afya ya uzazi iliyopangwa kwa ajili yao, kama kile nilichohudhuria na mpwa wangu katika kituo kimoja cha afya cha serikali jijini hapa.

Roho ya huduma hii ni sanduku la maswali. Vijana huandika bila majina kwenye vikaratasi vilivyochanwa madaftarini, na muuguzi huvisoma kwa sauti ile ile, swali liwe la chunusi au la kondomu. Kikaratasi kimoja kiliuliza kama hedhi ikichelewa wiki moja ni lazima iwe mimba. Alijibu kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko huyumba, lakini aliyekwisha kujamiiana asikisie bali apime. Kisha akaeleza kipimo kinavyofanyika, bila kumkemea mtu.

Walipokaribishwa wazazi, mambo yakageuka. Baba mmoja aliuliza kwa nini watoto wanafundishwa uzinzi, na muuguzi yule yule akaanza kuhubiri kusubiri ndoa, huku vikaratasi vilivyosalia vikibaki sandukuni. Simlaumu sana, kwa kuwa hata sera imewahi kuyumba: mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni, na mwaka 2021 Wizara ya Elimu ikaruhusu warudi. Lakini hofu ya yule baba, ambayo nimeisikia pia kanisani na sokoni, haina msingi katika utafiti, maana mapitio yaliyomo katika mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 yanaonyesha kuwa elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Kunyamaza nako kuna gharama: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, na ule wa VVU wa 2022/23 uliiweka Njombe, Iringa na Mbeya, majirani watupu, juu ya mikoa mingine yote kwa kiwango cha maambukizi.

Kasoro kubwa ni benchi la kusubiria, ambalo ni lile lile la kliniki ya mama na mtoto, chini ya bango linaloitaja huduma kwa herufi kubwa. Msichana akikaa hapo kidogo tu, habari zinamtangulia nyumbani. Mpwa wangu alijifunika mtandio hadi puani.

Huduma ni bure na ningempeleka tena, ila kituo kiwatengee wazazi siku yao na vijana wapitie mlango wa nyuma, ambao upo na hufungwa kwa kufuli.