Mkutano wa Nishati Dar es Salaam: Tathmini ya Abiria wa Banana

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala risiti, na huenda msomaji akashangaa kuiona ikipimwa kama watu wanavyoipima hoteli au basi la mikoani. Ni namna jiji la Dar es Salaam lilivyotuhudumia sisi wakazi wake tarehe 27 na 28 Januari 2025, siku za Jumatatu na Jumanne, lilipoupokea Mkutano wa Nishati wa Wakuu wa Nchi za Afrika katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Kama wageni walilala vizuri na kula vizuri, hayo watayasema wenyewe. Mimi naishi Ukonga Banana na nafanya kazi katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, na kati ya kitanda changu na meza yangu ya kazi ipo Barabara ya Nyerere, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayomchukua rais wa nchi ya mbali kutoka uwanja wa ndege na kumfikisha mjini.

Nianze na matangazo. Siku chache kabla ya mkutano, watumishi wa umma wa jiji waliambiwa wafanyie kazi nyumbani kwa siku zote mbili, isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezekani bila wao kuwapo kituoni. Lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa liliyapunguza magari barabarani kabla hata msafara wa kwanza haujatoka, ingawa lilituacha nje sisi wa sekta binafsi, sembuse fundi cherehani wa Kariakoo ambaye mashine yake haibebeki kurudi nayo Mbagala. Orodha ya barabara za kuepukwa nayo ilitufikia mapema kwenye simu, na kwa mwenye gari lake ilitosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba abiria wa daladala haulizi barabara ipi imefungwa. Anauliza gari litageuzia wapi, nauli itabaki ile ile au itapanda, na akishushwa Kamata atapata gari jingine au atatembea hadi Posta. Maswali hayo matatu hayakujibiwa mahali popote nilipotafuta, na wanaoyauliza ndio wengi katika jiji hili.

Jumatatu ilinipendeza. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa hofu, nikafika Posta kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko siku yoyote ninayoikumbuka tangu ujenzi wa njia ya mwendokasi uanze kwenye barabara yetu. Jioni nilirudi nimekaa, jambo ambalo wenzangu wa Gongo la Mboto watalielewa bila maelezo.

Jumanne, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya wakuu wa nchi wenyewe, nililipia raha hiyo. Tulipofika Vingunguti trafiki aliinua mkono, gari likasimama, na tukakaa dakika hamsini kwa saa ya dereva huku ving'ora vikija, vikipita na kuja tena. Hatimaye konda alishuka, akatazama foleni mbele na nyuma, akatangaza: "Jamani, Posta ya leo ni hapa hapa." Nauli hakurudisha, kwa hoja kwamba mafuta yalikuwa yameshaungua. Vijana wenye haraka walichukua bodaboda za kupenyea Tabata hadi Buguruni kwa bei iliyokuwa mara mbili ya kawaida, na mimi, baada ya kupiga hesabu ya mfuko, nikatembea hadi Tazara.

Hata hivyo, lazima niseme jinsi askari walivyotutendea. Nilikuwa nimezoea kuona amri za siku kama hizo zikitolewa kwa filimbi na ukali, lakini pale Vingunguti mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alimwendea askari akiwa na kadi ya kliniki mkononi, naye akamwambia, "Mama, subiri huu upite, nakuvusha mwenyewe." Msafara ulipopita alimwitia bodaboda na kuipitisha pembeni. Kwa upande huo natoa alama nne kati ya tano bila kusita. Kwa taarifa kwa abiria natoa mbili.

Usafi ulikuwa mzuri, ila uliishia pale macho ya mtu aliye ndani ya gari yanapoishia.

Aliyeumia zaidi katika watu ninaowafahamu ni mama ntilie wa nyuma ya ofisi yetu. Wateja wake wa mchana ni watumishi wa ofisi za serikali za jirani, na Jumatatu alipika sufuria ile ile ya kila siku. Saa tisa alasiri wali ulikuwa bado umejaa. "Mwanangu," aliniambia, "wateja wangu wamefanyia kazi nyumbani, na kula wamekula nyumbani." Anapikia mkaa. Si mbali na jiko lake, wakubwa walikuwa wakijadili nishati safi ya kupikia, ambayo mkakati wetu wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka iwafikie Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034. Sikumweleza habari hiyo siku ile. Nilinunua sahani mbili.

Na hicho kilichojadiliwa si kidogo. Waafrika wanaokaribia milioni 600 hawana umeme, na lengo la mkutano lilikuwa kuwafikishia milioni 300 kati yao ifikapo 2030. Nchi 12, Tanzania ikiwamo, ziliwasilisha mipango yao mbele ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na wafadhili wengine, na likapitishwa Azimio la Dar es Salaam. Nchi yenye bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, ilikuwa na haki ya kuwaita wenzake mezani. Kwetu Banana umeme haukukatika hata mara moja kwa siku zote mbili. Jirani yangu anasema tungeomba wageni wahamie kabisa.

Siku 11 baadaye, tarehe 8 Februari, jiji liliwapokea tena wakuu wa nchi, safari hii wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, waliokutana Ikulu kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Ilikuwa Jumamosi, na kwa maoni yangu siku hiyo peke yake ilimpunguzia mkazi adha kuliko orodha yoyote ya barabara. Mimi huingia ofisini nusu siku Jumamosi, kwa hiyo pale Banana nilimuuliza konda gari litageuzia wapi. "Posta, kaka," alinijibu, "ila tukisimamishwa tusilaumiane." Lilikuwa jibu kamili kuliko yote niliyoyapata mwezi ule, nami nikapanda.